Zamu ya Maji

Miaka sita nimepima damu za wanawake wengine
katika maabara yenye dirisha moja, mjini Moshi,
nikiandika prolaktini kwa kalamu ya bluu,
nukta ya desimali mahali pake.
Nilidhani namba ni jambo lililokwisha.

Kisha nikazaa, Jumatano, mvua za Aprili.
Nikawekewa kifuani kitu cha moto, kinateleza,
na muuguzi Ndeshukurwa akasema, "Haya, mtazame."
Nikamtazama.
Alifanana na mtu niliyewahi kumwona kwenye foleni ya benki.

Siku ya tatu nililia kwa sababu kijiko kimeanguka.
Estrojeni ilikuwa imeporomoka, kama kingo za barabara ya Uru
masika yakizidi.
Mstari ule unaoshuka nilikuwa naujua,
nimewachorea wanafunzi mara ngapi ubaoni.
Sikujua kuwa mtu hushuka nao.

Nikapelekwa juu, Kidia, kihambani kwa wakwe,
nikae ndani miezi mitatu, nile, nisishike jembe.
Mtori asubuhi, mtori jioni,
mtori hata ndotoni.
Nikasahau namba ya siri ya simu.
Nikatia chumvi kwenye chai, nikainywa yote.

Baba mkwe alikuwa nje na mkasi, anapogoa mibuni.
Matawi mabichi, majani tele, chini!
"Baba, unaiharibu," nikasema dirishani.
"Kwani wewe unataka majani au unataka kahawa?"

Hilo likanikalia.
Nilishasoma kwamba ubongo wa mzazi nao hupogolewa,
hupungua kidogo, kwa kipimo cha mashine;
huachia mbali namba za siri, chumvi, majina,
libaki tawi linalosikia
pumzi moja chumbani ikibadilika nusu.

Usiku wa zamu yetu ya maji
Elisaria akatoka na tochi kwenda kufungua mfongo.
Mtoto akalia.
Kabla sijaamua lolote,
chini ya ubongo, mahali padogo kama punje ya njegere,
mtu akaondoa jiwe.
Nikasikia, naapa nilisikia,
maji yakija gizani kati ya migomba
na maziwa yakija,
yakinichoma choma kama ganzi inayoachia mguu.

Alinyonya jicho moja wazi, amenikazia.
Nikanusa utosi wake. Nikanusa tena.
Foleni ya benki ikafutika,
na benki.

Asubuhi nikamwambia mama mkwe: inaitwa oksitosini.
Akalirudia neno polepole, kama anayetafuta mwiba kwenye samaki.
"Huja kwa kuzaa?"
Kwa kuzaa, nikasema. Na kunyonyesha.
Akakoroga chungu. Akakoroga tena.
"Elisaria sikumzaa mimi. Nililetewa ana wiki tatu,
mama yake tumeshamzika pale kwenye isale.
Mwaka mzima mgongoni. Usiku naamka kabla hajalia.
Sasa maji yangu mimi
alifungua nani?"

Jibu nilikuwa nalo. Lipo vitabuni:
ngozi, harufu, kuamka usiku baada ya usiku;
mwili unaolea huchimba mfereji wake wenyewe.
Nikafungua mdomo
na sentensi nzima ikawa imekwenda na majani ya mibuni.
Nikashika mwiko, nikamkorogea.

Sasa nimerudi kazini. Kuna dirisha lilelile.
Leo mtoto wa mtu nisiyemjua amelia ukumbini
na chini ya koti jeupe blauzi imelowa
upande wa kushoto, kisha wa kulia.
Nikaandika prolaktini ya mwanamke wa kitanda cha tisa.
Kalamu ya bluu.
Nukta nikaisahau, nikarudi kuiweka.